Shikamoo Kutoka Nablus

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwahi kuongea na mtu kwa kompyuta ya Mikumi.

Mwanvua aliondoka Kilosa alfajiri, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Mwaka ule wa 2003 soko huria lilikuwa limeleta kila takataka Kilosa, isipokuwa mtandao. Kuupata ilibidi uje huku kwenye barabara kuu ya watalii, kwenye steshenari ya Perpetua.

Saa tano alikuwa na miadi na binti yake, Yusrah, aliyeolewa Nablus, Palestina. Huko wanajeshi walikuwa wakiwafungia watu majumbani siku nyingi mfululizo. Wakiruhusiwa kutoka kwa muda wa saa mbili, wengine walikimbilia mkate. Yusrah alikimbilia duka la intaneti. Mumewe alifundisha wanafunzi wake kwa kompyuta za humo, naye na wifi yake wa mtaa wa pili walionana humo humo. Hayo aliyaeleza katika barua pepe, pamoja na jambo moja zaidi: ana mimba ya miezi minane.

Miaka mitatu nyuma, Yusrah alipopiga magoti kuaga, Mwanvua alikuwa akichambua mchicha. “Shikamoo, mama.” Mama mtu akaendelea kuchambua. Alikuwa na hasira: posa gani hiyo isiyoletwa hata na shangazi mmoja wa mwanamume? Shikamoo ile haikuitikiwa, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo alikuja kuiitikia.

Kioo kikaandika: Shikamoo, mama.

“Huyo!” alisema Perpetua. “Nimjibu nini?”

Mwanvua akakunjua karatasi aliyoiandaa wiki nzima. “Andika: Marahaba, mwanangu kipenzi.”

“Tayari. Nitume?”

“Neno moja, kama telegramu ya msiba? Barua haitumwi vipande. Endelea.”

Zikafuata salamu za baba mkubwa Ditram, za shangazi wa Munisagara, za jirani Raheli aliyepona malaria, na za watu wa Mvumi, mmoja mmoja kwa jina, maana salamu ni amana. Perpetua alidonoa herufi kwa vidole viwili, macho kwenye vitufe.

“Mama Yusrah, naona anaandika tena.”

“Mwache aandike. Nisikatize salamu za watu!”

Walipofika kwenye wasalaam, Perpetua akainua macho, akamgeuzia kioo. Mwanvua akavaa miwani, akasoma.

Mama, upo?

Leo tumepewa saa mbili tu, na foleni imekula nusu.

Hujaniitikia.

Basi, bado una hasira. Nisamehe, mama. Muda umekwisha, nakimbia.

“Tuma!” Mwanvua alipiga kelele. “Tuma sasa hivi!”

Perpetua akabonyeza. Chini yakatokea maandishi mekundu: ujumbe haukufika, mwenzako ametoka.

“Tumwandikie barua pepe,” Perpetua alisema taratibu. “Ataikuta siku wakifunguliwa.”

“Siku gani?”

Perpetua akafungua ukurasa wa barua pepe.

Mwanvua akaikunjakunja ile karatasi mpaka ikawa donge. Hakuwakasirikia wanajeshi peke yao. Alijikasirikia mwenyewe, na hizi adabu zake ndefu zilizomnyima mtoto neno lile lile mara ya pili. “Andika marahaba,” alisema.

“Halafu?”

“Hiyo tu.”

“Na salamu za Raheli?”

“Raheli atasubiri. Bonyeza.”

Perpetua akabonyeza. Nablus milango ilikuwa imeshafungwa.