Wali wa Mama Bado

Mke wangu alipika kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na nane, na muda wote huo wafanyakazi walikuwa na swali moja tu kwake. Walipanga foleni na sahani zao, wakachungulia dirishani, wakauliza kama chakula kiko tayari. Yeye, bila hata kugeuza shingo, aliwajibu, "Bado." Wakambandika jina la Mama Bado. Hata mimi nililitumia nikitaka kumchokoza.

Mwezi wa tatu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo tele, yakaenda na maji. Likabaki moja, lile lile la dirishani.

Sasa, mimi ni fundi cherehani, na neno hilo nalijua ndani nje. Mteja akija kuulizia suruali yake nikamwambia "bado kidogo", ajue kitambaa hata sijakigusa. Kwa hiyo sikuona ajabu mtu kuishi na bado. Nikimuuliza mke wangu kama ameshiba, akasema bado, namwongeza uji. Nikimuuliza kama amechoka kukaa, akasema bado, namwacha dirishani aendelee kutazama barabara. Tuliishi hivyo miezi mitano, na nathubutu kusema tulielewana kuliko wengi wenye ndimi nzima.

Binti yetu hakuyaamini hayo. Yeye ni muuguzi, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari. Alikuja Ijumaa akanikuta nimejifunga mkanda kiunoni kwa maumivu ya mgongo ya kumnyanyua mama yake kila asubuhi. Hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza. Alisema tu kwamba kesho atamchukua akamtunze kwake, ambako kuna watu wa kusaidiana naye. Ana chumba kimoja cha ziada, nacho kinatosha kitanda kimoja. Mimi ningekuwa nakwenda kumwona kila mwisho wa mwezi.

Nikamwambia kwamba mama yake hataki kwenda.

"Baba, Mama haelewi," akasema. "Hilo neno linamtoka tu, kama kwikwi."

Hapo nikawaka. Nikamwambia kesho mama yake atapika: mimi nitakuwa mikono, yeye atakuwa kichwa. Akiniongoza vizuri, anabaki hapa. Asiponiongoza, amchukue. Binti akasema sawa. Nadhani alinihurumia, na huruma ya mtoto niliyemvalisha nepi inanikera kuliko tusi.

Nilichagua tehri. Huo ni wali wa manjano wenye viazi, koliflawa na njegere, vyote ndani ya sufuria moja. Mke wangu alifundishwa na mke wa meneja wa kiwanda, mama mmoja aliyetoka kaskazini mwa India, na baada ya miaka miwili yule mama mwenyewe alikuwa akituma kibakuli kantini aletewe. Si chakula kigumu. Ugumu wake ni kujua wakati wa kila kitu, na kazi hiyo nilidhani haihitaji zaidi ya neno moja.

Asubuhi nikaosha mchele, nikauloweka, nikamenya viazi vikatoka na pembe kama chaki yangu ya kuchorea kitambaa. Nikamsogeza mke wangu kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni pa jiko. Binti akakaa kwenye kigoda, mikono kifuani.

Nikamimina mafuta, nikashika bizari nyembamba kiganjani. "Nitie?"

"Bado."

Nikangoja. Nikauliza tena, akasema bado. Mara ya tatu akanyamaza, nami nikachukua kimya chake kuwa ruhusa. Bizari ikaingia, ikapasuka pa pa pa, harufu ikajaa chumba kizima, na haikuungua hata chembe. Nikamgeukia binti yangu, kichwa kikiwa kimevimba. Nikatia iliki na karafuu, kisha vitunguu, na kwenye vitunguu ikawa hivyo hivyo: bado, bado, halafu kimya, navyo vikiwa na rangi ya kahawia ile ile ya kantini. Binti alishusha mikono yake. Nilimwona akimtazama mama yake kwa namna nyingine.

Nikaweka tangawizi, mboga, manjano na chumvi. Nikatia mchele, nikamimina maji, nikafunika. Enzi zake hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifuniko hicho. Mwenye haraka, alikuwa akisema, akale mkate. Nikapunguza moto, tukakaa.

Baada ya robo saa nikamuuliza kama tuzime. Akasema bado. Nikangoja, nikauliza tena. Bado.

"Baba," binti akasema, "wali unashika."

Nikamwambia atulie, mwenye jiko kashasema. Lakini harufu ya kuungua niliisikia. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akipiga kelele kutoka uani kwamba sufuria ya tatu inashika chini, wakati wapishi waliosimama mbele ya sufuria yenyewe hawajahisi kitu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mke wangu, tuzime?"

"Bado."

Moshi mwembamba ukatoka pembeni ya kifuniko. Alikuwa akiutazama. Uso wake ulitulia kabisa, kama mtu anayetazama mvua. Hofu ikanishika, nikamuuliza swali ambalo mpaka leo najuta kuliuliza.

"Umewahi kupika, wewe, maishani mwako?"

"Bado," akasema.

Nikanyoosha mkono nikazima gesi.

Binti hakusema nililotarajia. Alichota wali wa juu, ule uliosalimika, akampulizia mama yake, akamlisha. Mke wangu alikula vizuri, manjano yakamganda kwenye pembe ya mdomo. Mimi nilikwenda chumbani nikafungasha nguo zake. Magauni yote nilimshonea mimi, na mengi nilimcheleweshea.

Saa nane tulimpakia kwenye gari. Nikamfunga mkanda, nikamfuta mdomo kwa leso yangu. Binti akashika usukani, akageuka nyuma na kumuuliza kwa sauti ya kumbembeleza, "Haya Mama, twende?"

"Bado."

Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeshika shati langu tumboni. Umelikamata barabara, kitambaa kimejikunja ndani ya ngumi. Sijui ulishika saa ngapi. Binti aliona. Akaondoa mkono kwenye ufunguo, akaniangalia, akingoja niseme. Ningesema neno moja tu, angemshusha.

Mke wangu akanitazama usoni. "Bado," akasema tena.

Miezi mitano mizima nililiamini neno hilo. Nikafungua vidole vyake kimoja kimoja, nikaulaza mkono mapajani pake.

"Linamtoka tu," nikamwambia binti yangu, nikafunga mlango.