Nakala za Mazishi ya Mzee Ofodile

Jumanne asubuhi, umeme ukiwa umekatika na jenereta likinguruma nyuma ya jengo, Okwudili alikuwa akipanga foleni ya nakala za video ya mazishi ya Mzee Ofodile. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya ubora wa juu kabisa, kwa ajili ya televisheni ya sebuleni kwa Chifu Anayo, mtoto mkubwa wa marehemu. Ya pili ilikuwa ya kati, ya kupelekwa kwa ndugu walioko Houston. Zikafuata za diski, kwa wazee wa ukoo ambao bado wana deki, na mwisho ile ndogo, iliyobanwa mpaka iweze kupita kwenye simu. Kila moja aliichagulia ukubwa wake na kasi ya picha zake, akaionyesha folda ya kwenda, kisha akabofya mara moja. Kompyuta ikaanza kuzitoa moja baada ya nyingine. Okwudili akafungua jani la mgomba, akala okpa yake ya njugu mawe ingali moto.

Duka lake lilikuwa mjini Nnewi, ghorofani, juu ya wauza vipuri vya pikipiki. Mkewe, Nkem, alikaa chumba cha mbele akipiga picha za pasipoti.

Kazi ile ilikuwa imemkaa vibaya tangu Ijumaa, siku Anayo alipokuja kuiangalia kabla haijatolewa. Chifu alikuwa ametulia kitini, ameridhika na ngoma, ameridhika na ng'ombe, mpaka dada yake alipotokea kwenye kioo.

"Huyu mtoe," alisema, akimgusa kwa kidole.

"Dada Uzoamaka?"

"Mtoe. Na huyo mumewe."

"Chifu, yupo karibu kila mahali. Ndiye aliyemvika mzee kofia."

"Kwani mashine yako haina mkasi? Watu wa Houston wakimwona wataanza: osu kakaa wapi, osu kala na nani. Sitaki maneno kwenye msiba wa baba yangu."

Mume wa Uzoamaka, Ejike, alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Lakini babu wa babu yake aliwahi kutolewa wakfu kwa mungu wa mto, na uzao wa watu wa namna hiyo huitwa osu. Sheria ilishaufuta ubaguzi huo zamani. Watu hawakuufuta. Uzoamaka alipoolewa naye, kaka zake waliacha kula kwake. Baba yao alipopigwa na kiharusi, ni yeye aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumlisha uji, na hapo hakuna aliyemkataza, kwa kuwa hakuna aliyeitaka kazi hiyo.

Okwudili alimkata. Alimkata kando ya kitanda cha shaba alipolazwa marehemu, akamkata kaburini, akamkata kwenye foleni ya mabinti wa ukoo. Pale alipokuwa amesimama katikati ya wengine, alikuza picha mpaka akatoka nje ya kioo. Anayo alikaa pembeni yake muda wote.

"Na zile za kwenye kamera?"

"Zipo, Chifu. Huwa nazitunza."

"Zifute. Nione."

Kwenye droo kulikuwa na diski tupu ya akiba, ambayo angeweza kuzihifadhi humo. Okwudili angeweza kusema faili zina kazi nyingine ndani yake, au aahidi kuzifuta kesho. Wateja alishawadanganya kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini alizifuta, akamwaga na pipa la taka la kompyuta. Chifu alipoondoka ndipo alipokumbuka kwamba siku ya mazishi, katika umati ule wote, Uzoamaka peke yake ndiye aliyeuliza kama wapiga video wamekula.

Sasa, okpa imeisha, alifungua nakala kubwa kuihakiki. Mwanzo ulikuwa sawa. Ilipofika pale marehemu amelazwa sebuleni, Mzee Ofodile aliketi kitandani. Alitoa pamba puani, akaikunja na kuitia mfukoni. Akaiweka sawa kofia yake nyekundu, akateremka, akavaa viatu, akapita kati ya waombolezaji akiomba njia kwa mkono. Alitembea vizuri kwa mtu aliyekuwa na kiharusi. Alitoka upande wa kushoto wa picha na hakurudi tena. Wachukuzi walilibeba jeneza wakicheza nalo, na walicheza vizuri kuliko kawaida, kwa sababu lilikuwa jepesi.

Okwudili alirudi kwenye programu yake ya kuhariri. Humo mzee alikuwa amelala kimya. Alikuwa akiondoka kwenye nakala tu.

Alibadilisha mipangilio. Alipoongeza picha kwa kila sekunde, mzee alitembea kwa ulaini zaidi. Alipopunguza ubora, alitembea madoa madoa. Kwenye nakala ya simu hakupoteza muda kutafuta viatu, aliondoka peku. Okwudili alisafisha foleni yote, akaipanga upya, akaiacha ijitoe mchana kutwa. Mzee aliondoka katika kila nakala.

Nkem aliingia na chai, akasimama nyuma yake akitazama.

"Anakwenda wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

"Kulikuwa na dada Uzo."

Nkem aliweka kikombe mezani. "Basi mrudishe."

"Nimemfuta."

"Kote?"

"Kote."

Mkewe akarudi mbele, ambako mteja alikuwa akimsubiri amfungie tai.

Kesho yake Anayo alikuja kuchukua mzigo wake. Aliangalia baba yake akiinuka na kuondoka, akakuna shingo.

"Jaribu mipangilio mingine."

"Nimeijaribu yote, Chifu."

Anayo aliirudisha nyuma, akaangalia tena. "Mzee alikuwa mbishi hata alipokuwa hai," alisema. "Iache. Watu wa Houston wanaangalia nguo na chakula."

Alisema kweli. Houston walisifu kofia za wachukuzi. Kijijini, wazee waliitazama kwenye deki zao, na ikifika pale mtu alisema, "Haya, anaondoka," mwingine akaomba apewe kokwa ya kola atafune. Watoto walizoea. Hakuna aliyeuliza anamfuata nani. Wote walikuwepo siku ile, walijua nani alikuwa amesimama wapi.

Uzoamaka alikuja dukani wiki ile ile, baada ya saa za shule, na kikapu cha soko mkononi. Okwudili alipomwona mlangoni alitamani kuwa na mteja.

"Nimesikia kazi imetoka," alisema Uzoamaka. "Chifu hakuniletea yangu. Labda kasahau."

"Labda, dada. Kaa."

Alimwekea. Uzoamaka aliangalia ngoma, akaangalia mabinti wa ukoo wakipita, na mikono yake ikatulia juu ya kikapu. Hakujiona, na hakuuliza. Baba yake alipoketi kitandani, alisogea mbele kidogo.

"Amevaa viatu mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote ile nilimvalisha mimi."

Mzee alipita, akatoka kushoto. Uzoamaka alisubiri.

"Na huko anakokwenda?"

"Haonekani, dada."

"Nilisimama hapo, kando ya tangi la maji. Sikumwona akija." Alifikiri. "Nilikuwa nalia, labda ndiyo maana."

Okwudili alitaka kumwambia juu ya diski iliyokuwa kwenye droo. Badala yake alimwambia, "Kulikuwa na kitu ningeweza kukifanya, sikukifanya."

"Najua," alisema Uzoamaka. "Mlikuwa wengi."

Alichukua nakala yake, akaitia kikapuni chini ya mboga ili isikwaruzike, akamuaga mpaka Nkem.

Mwaka ulipogeuka, Anayo aliandaa misa ya kumbukumbu na akamwita Okwudili tena. Turubai zilifungwa uani, wageni wakaketi. Uzoamaka na Ejike walipofika, vijana wa familia waliwapelekea viti viwili nje ya geti, kwa adabu, na chupa ya maji.

Okwudili aliwaona. Kisha alikwenda kuipanga mitambo yake, na safari hii kamera zote aliziweka zikiwa zimeligeuzia geti mgongo, ili kazi itakapofika mezani pasiwe na mtu wa kukata.