Silikoni ya Mutunga

Mwaka wa tisini na nane, Mutunga alisimama mbele ya akina mama wa kanisa pale mjini Wote, akakikunja chombo cha kuokea keki kama chapati. Alipokiachilia kikarudi umbo lake. Hii ni silikoni, akasema, haivunjiki wala haiungui ovenini. Na ikichakaa wairudishe kwenye stoo yake katika mji wa Kambu, ipelekwe kiwandani ikatengenezwe upya. Haitachafua mashamba kama karatasi za nailoni.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Kalunde, mwenyekiti wao. Ng'ombe wake alikuwa amekufa majuzi, na walipompasua walikuta nailoni imejisokota tumboni. Kwa hiyo ni yeye aliyewahimiza wenzake wanunue.

Vyombo havikumaliza mwaka. Vilichanika pembeni, vikaanza kunata na kunuka. Kalunde alipita nyumba kwa nyumba, akajaza gunia, akalisafirisha hadi Kambu.

Mutunga alilipokea kwa shukrani nyingi, akatoka nalo mlango wa nyuma. Baadaye Kalunde alizunguka huko akitafuta choo, akaona korongo limejaa vyombo vilevile vya akina mama wa kwingine. Vingine vilikuwa vimechomwa, vikabaki jivu jeupe. Gunia lake lilikuwa juu kabisa. Chini zaidi katika korongo hilohilo, wanawake wawili walikuwa wakifukua mchanga wapate maji.

Alirudi ndani, akamkabili Mutunga. "Hicho ndicho kiwanda?"

Mutunga hakuona haya. Alimweleza kwamba silikoni haiyeyuki kama plastiki, na hajui kiwanda chochote nchini kinachoipokea. "Mama, ningewaambia hivyo, mngenunua?"

"Ungesema, tungeamua wenyewe. Sasa umenifanya niwadanganye wenzangu kwa kinywa changu."

Alishuka korongoni, akajitwika gunia lake, akarudi nalo Wote. Jumapili, baada ya ibada, alilimwaga mbele ya akina mama, akawaeleza yote na kuwaomba msamaha. Walimsamehe. Ila mmoja wao, Ndila, aliuliza sasa vitupwe wapi. Kalunde akavirudisha guniani, akalihifadhi nyumbani kwake. Swali hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe.

Mwezi wa nne Mutunga alikuja tena na vyombo vya rangi mpya. Hakuna aliyenunua hata kimoja. Alipoona wamemkazia macho, akajitolea kulichukua gunia ili mambo yaishe.

Kalunde alikataa. Alijua lingeishia wapi.