Sahani Niliyoiharibu kwa Mkono Wangu

Kazi yangu ni kung'arisha, na sitaki mtu anifundishe. Miaka ishirini na sita nasugua sahani za silikoni, nyembamba kama kucha, mpaka ukiinamia unaziona kope zako. Juu yake hujengwa vijilimi visivyoonekana kwa macho, vya kunasa sauti kwenye vifaa vya wasiosikia vizuri. Kila kijilimi kimeshikwa ncha moja tu; kwingine kote kinatakiwa kining'inie bila kuigusa sahani.

Shida ni kwamba vilikuwa vinagusa. Tukishaosha, maji yakikauka yanavivuta chini, vinanata, basi, havibanduki tena. Tulipoteza sahani tano hivi hivi. Mkubwa akamwambia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye fundi wa vijilimi, kwamba imebaki moja tu. Ikinata na hiyo, chumba chetu kinafungwa.

Mimi dawa niliijua: kung'arisha zaidi. Ile ya mwisho niliisugua siku tatu, mkono ukafa ganzi. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama weee, halafu akaniomba niiharibu.

Nilimjia juu. Nikamuuliza kama ni dada yake aliyemtuma aje anitoe roho. Alichukua vipande viwili vya sahani zangu za zamani, akavibana uso kwa uso, akanipa nivitenganishe. Nilivuta mpaka jasho likanitoka, wapi! Akachukua kingine, akakichovya kwenye asidi kikaota vipele vidogo, akakibana na mwenzake. Kikaanguka chenyewe mezani.

"Shemeji, hakuna anayeng'arisha kama wewe," akasema. "Ndiyo maana vinanata."

Niliumia, maana ilikuwa kweli. Zile tano niliziua mimi.

Ile ya mwisho niliichovya kwenye asidi mwenyewe, sikukubali mkono mwingine uiguse. Yeye akajenga vijilimi, akaosha, akakausha, mimi niko pembeni nimeshika tama. Aliinamia hadubini, akahesabu kimoja kimoja mpaka nikatamani kumfinya. Kisha akasogea, akanipisha. Katika vijilimi mia nne, vilivyonata havikufika kumi. Yule binti ana akili, acha nimpe sifa zake.

Mkubwa akaja, akaiona sahani ilivyofifia, akakunja uso. Akauliza nani ameikwaruza hivi.

"Mimi," nikasema, kabla shemeji hajafungua mdomo. Tangu nianze kazi hii, sijawahi kujibu swali kwa fahari kiasi kile.