Kuziamsha Kuta

Mlango wa kanisa lile la kale ulikuwa mzito, hata ikabidi wanaume wawili wausukume kwa mabega. Ulipofunguka, ubaridi wa mawe uliwapiga wanakwaya usoni. Nje, bandari ya kisiwa ilikuwa ikishusha makontena kwa vishindo. Ndani, kimya kilikuwa kimetanda. Chiriku alibaki kizingitini, ameukumbatia mkoba wake.

"Mimi nitalinda mizigo," alisema.

"Mizigo gani, wifi? Chupa za maji?" Dada wa mumewe alimshika mkono. "Hebu ingia, usijitie kudeka."

Hakuwa akideka, alikuwa akiogopa. Jina la Chiriku alilipata kwa sauti iliyokuwa ikipaa bila jasho, lakini tangu alipopasuliwa tezi la shingo, sauti ile ilikwenda na maji. Mwaka mzima alisimama mstari wa mbele, sauti ya kwanza, akifumbua mdomo na kuufumba pasipo kutoa hata mlio, huku wifi yake akiimba kwa nguvu za watu wawili ili siri isivuje. Hata mumewe, aliyeimba nyuma na wanaume wa sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, hakujua.

Leo angeumbuka. Kwaya yao haikuwa ikiimba pamoja katika kanisa geni kabla kila mmoja hajaimba mstari mmoja peke yake, wengine wakisikiliza jinsi nyumba inavyoirudisha sauti. Wenyewe waliliita jambo hilo kuziamsha kuta.

Wakaimba, mmoja baada ya mwingine.

"Chiriku," mwalimu wa kwaya aliita. "Zamu yako."

Alianzia juu, kama zamani. Ikatoka hewa tupu, kisha mkwaruzo. Mtu akakohoa. Wifi akatazama sakafu. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini badala ya aibu, hasira ndizo zilizompanda. Mwaka mzima amejificha nyuma ya mdomo wake mwenyewe! Akavuta pumzi mpaka tumboni, akaushika wimbo chini, chini kabisa, mahali ambapo hajawahi kuutafuta.

Loo! Sauti ikatoka nzito, pana, ikikwaruza kidogo pembeni, sauti ya mtu aliyeona mambo. Ikaenda hadi madhabahuni, ikapanda darini, ikamrudia imejaa. Hakuishia mstari mmoja. Aliumaliza ubeti mzima, machozi yakimtiririka.

"Mungu wangu," mwalimu alisema. "Hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

"Sikuificha, mwalimu. Ndiyo kwanza tunakutana."

Wifi alipiga kigelegele humohumo kanisani, na kuta zikampigia vingine.

"Haya, tujipange," mwalimu alisema, akijifuta macho.

Wanawake wa sauti ya kwanza wakamwachia nafasi yake. Chiriku akawapita. Akapenya hadi mstari wa nyuma kabisa, katikati ya mabega ya wanaume, alipokuwa mumewe amesimama mdomo wazi, akamgusa kwa kiwiko.

"Sogea, bwana," alisema. "Unanibana."