Kibodi Bapa ya Chapchap

Mtaa mzima ulijua kwamba fundi redio anamtengenezea dada yake kibodi, na ambao hawakujua waliambiwa na Mama Pazia. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kilichopita barabarani bila pazia la dirisha lake kutikisika. Kwa jinsi alivyoitangaza habari hiyo, ungedhani mle ndani inaundwa ndege.

"Si kibodi ya kununua," alikuwa akisema dukani, kwenye foleni ya maji, popote palipo na sikio. "Hii inakatwa kwa kipimo, kama suti ya bwana harusi."

Na hapo, kwa mara moja katika maisha yake, Mama Pazia hakutia chumvi.

Dada mtu alikuwa mpiga chapa. Watu walimwita Chapchap, maana akikaa mbele ya mashine vidole vyake huvioni, unasikia tu mvua juu ya bati. Alichapa mikataba ya nyumba, maombi ya kazi, matangazo ya misiba, hata barua za mapenzi za wanaume wazima waliomwinamia na kumnong'oneza maneno huku wakitazama mlango. Alichapa akipiga soga. Alichapa akimuuliza mteja kama kweli yule mke mdogo amerudi kwao, na jibu lilipofika, mkataba nao ulikuwa tayari. Tangu wazazi wao walipofariki, kiti cha mchapaji kwenye duka la uchapaji la mtaani kilikuwa chake, na mdogo wake alikula, akavaa na akasoma kwa vidole vile.

Sasa vidole vilikuwa vinamgomea. Ilianza ganzi, kama mtu aliyelalia mkono. Ikafuata miwasho, halafu maumivu ya kupanda hadi kwenye kiwiko. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, na kwamba dawa zitamtuliza, hazitamponya. Mwenye duka, mwanamke mpole asiyejua kusema hapana kwa mkupuo mmoja, akampa mapumziko na kumweka msichana mmoja akishikilie kiti. Miezi ikapita. Ndipo siku moja akaja nyumbani kwa Chapchap, akasifu mapazia, akasifu chai, akauliza habari za watu waliokwisha kufa, na mwisho akalitoa lililomleta. Mwezi ukiisha atataka kujua. Chapchap akiweza, kiti ni chake. Asipoweza, kitakuwa cha yule msichana moja kwa moja.

Fundi aliposikia hayo hakusema pole. Hakuwa mtu wa pole. Wengine wakimpenda mtu humkumbatia. Yeye humkazia skrubu. Kabla ya hapo alikuwa akija kwa dada yake sikukuu kwa sikukuu, anakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa, anauliza kama feni bado inazunguka vizuri, anaondoka. Sasa alianza kuja kila alasiri na mkoba wake wa vifaa.

"Tatizo si mikono yako, dada," alimwambia siku ya kwanza. "Tatizo ni zile kibodi za dukani. Ndefu kama ukuta. Kila herufi unapanda ngazi, unashuka. Viganja vinaning'inia hewani kutwa nzima. Nitakuundia kibodi bapa, fupi kuliko kidole kikilala. Viganja vipumzike mezani, vidole vifanye kazi peke yake."

"Peke yake," Chapchap alirudia.

"Peke yake kabisa."

Alianza na unga. Aliukanda mgumu, akautandaza kwenye sinia, akamwambia dada yake alaze mikono juu yake kama anavyopenda ilale. Alama za vidole zikabaki pale, kidole cha kati mbali, kidole cha mwisho karibu, na Fundi akafuata alama hizo kukata boksi, kisha akafuata boksi kukata bati alilolitoa kwenye mgongo wa deki mbovu ya video. Kibodi akaigawa vipande viwili, kimoja kwa kila mkono, vilivyoinama kidogo kwa nje ili mikono isijikunje. Safu za vitufe hazikunyooka kama zile za dukani. Kila safu ilipanda au kushuka kwa urefu wa kidole chake. Swichi fupi za kukaa chini ya vitufe aliagiza kwa posta, na vitufe alivisugua kwa msasa mpaka vikawa vyembamba kama ganda la yai.

Nyumba ikajaa. Watu walikuja na vigoda vyao. Waliokuja kuazima chumvi walisahau chumvi.

"Na mimi nitengenezee," alisema mama mmoja wa nyumba ya nyuma, "iwe na kitufe cha kumzima mume wangu."

"Yule mbona amezimika siku nyingi," Mama Pazia akamjibu. "Omba cha kumwasha."

Wakacheka, na Chapchap akacheka kuliko wote, mikono imelala mapajani.

Kazi iliyochukua alasiri nyingi ilikuwa ya springi. Fundi alitaka kila kidole kipate springi ya nguvu zake, isiyokilemea. Akachukua kipande cha mbao, akapachika swichi moja juu yake, akawa anabadilisha springi na kumshikia dada yake mbao ile ili abonyeze, kidole kimoja kimoja.

"Hii?"

"Nzito kidogo."

"Na hii?"

"Hapo," Chapchap alisema. "Hapo kabisa."

Walipofika kwenye vidole vya mwisho, Fundi alitegemea kukuta udhaifu. Alikuwa ameziweka kando springi laini kuliko zote. Lakini dada alibonyeza springi ya kati, swichi ikaitika bila ubishi.

"Unaona? Daktari wako anakutisha bure."

"Madaktari wanapenda kuogopwa," alisema Chapchap. "Hebu nijaribishe tena kesho. Hicho cha pembeni sina hakika nacho."

Basi kesho akarudi, na kesho kutwa. Alilehemu nyaya huku akiimba chini chini, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumsikia akifanya. Mama Pazia peke yake, siku hizo za springi, alikuwa akikaa mlangoni kimya, na watu wakadhani anaumwa jino.

Ilipofika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwenye duka aliitwa aje aone kwa macho yake. Alipewa kochi. Waliobaki walisimama kuzunguka meza, na waliokosa nafasi walichungulia kwa nje. Fundi akaiunganisha kibodi na kompyuta yake ya kazini, akavipangusa vitufe kwa shati lake.

Chapchap akalaza mikono.

"Loo," alisema taratibu. "Kama nimewekewa mto."

Fundi akageuza uso, akajifanya anatafuta waya.

"Haya, andika chochote," alisema mwenye duka. "Andika ule mkataba wa kupanga nyumba, unaujua kwa moyo."

Chapchap akaanza. Sauti ilikuwa laini, ya mvua ndogo. Watu wakatazamana kwa furaha, kisha wakatazama kioo cha kompyuta, na furaha ikaanza kuwatoka mmoja mmoja. Maneno yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeota meno. Herufi a, ambayo Kiswahili hakipumui bila hiyo, haikutokea hata mara moja.

"Lehemu imeachia," Fundi alisema haraka. Akapitisha mkono, akabonyeza a. Ikaandika. Akabonyeza tena. Ikaandika. "Sasa ni nzima. Rudia, dada."

Akarudia, na Fundi safari hii hakutazama kioo, alitazama mikono. Vidole vya mbele viliinuka na kushuka kama zamani. Viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimelala palepale alipovilaza. Havikutetemeka, havikujaribu. Dada yake alikuwa ametokwa na jasho juu ya mdomo. Kisha, kwa haraka ya kutaka kuokoa neno, akajisahau: akainua kiwiko, akaunyanyua mkono mzima, akakipiga kitufe kwa uzito wa bega lake huku kidole cha mwisho kimekakamaa kama kijiti. Herufi a ikatokea.

Ndipo Fundi akaelewa. Alasiri zote zile alikuwa amemshikia mbao ile hewani, na hewani mkono una nafasi ya kushuka. Hakupima kidole. Alikuwa amepima bega. Kisha akamwundia kitu cha raha, kibodi ya kulaza viganja, na raha hiyo ndiyo iliyomnyang'anya ujanja wake mbele ya watu wote.

"Mashine mpya lazima izoewe," Mama Pazia alisema kwa sauti ya juu, akisimama. "Hata kiatu kipya kinauma. Haya, watu na makwao, mnamnyima hewa. Wewe, kigoda chako hicho. Tokeni, tokeni."

Aliwaswaga kama kuku. Mwenye duka alikuwa wa mwisho. Alimshika Chapchap begani. "Jumatatu tutaongea, shoga yangu," alisema, akaenda zake.

Ndugu wawili wakabaki na meza.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Tangu kabla hujakanda unga wako."

"Na ulikuwa unaniambia hapo kabisa."

"Nilikuwa nasema."

"Dada, ningejua ningepanga vingine." Alikuwa ameshaigeuza kibodi, ameshashika bisibisi. "Naweza hata sasa. Vidole hivyo navitoa kazini, herufi zake navipa vitatu vilivyobaki. Springi naweka zile laini..."

"Na vikibaki viwili?"

Fundi akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.

"Weka bisibisi chini, mdogo wangu."

Akaiweka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Chapchap alitazama sinia, ambalo lilikuwa limeoshwa na kuegemezwa ukutani. "Ulikuwa unakuja," alisema. "Ungemaliza kupima, ungeondoka, tungeonana sikukuu, uniulize habari za feni. Kila nilipotaka kusema, nakuta umeinamia springi zako, unaimba. Nikasema, acha leo aimbe, nitamwambia kesho. Kesho unakuja na springi nyingine, una furaha kuliko jana. Nitaanzia wapi?"

"Lakini kiti, dada. Kiti chako."

"Kiti nilishakiaga moyoni. Nilikuwa naogopa kukiaga kwa mdomo."

Fundi alikaa, safari hii si ukingoni. Aliona shati la dada yake, lilivyofungwa vifungo vyote hadi shingoni, vimenyooka. Akavitazama vidole vyake. Akarudi kwenye vifungo.

"Nani mwingine anajua?"

"Jirani. Ndiye anayenivalisha asubuhi."

"Mama Pazia? Na amenyamaza?"

"Hata mimi nilishangaa," Chapchap alisema, na kicheko kikataka kumtoka, lakini kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa mikono yake, vidole vingine vimekunjika, vingine vimegoma kukunjika. Fundi hakujua afanye nini. Hapakuwa na skrubu ya kukaza. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu Fundi alikuja asubuhi, bila mkoba. Mama Pazia alikuwa tayari mlangoni kwa kazi yake ya kila siku. Alimtazama, akamtazama tena, akasogea kando akampisha.

Yeye aliyezoea kulehemu nyaya nyembamba kama unywele alihangaika na vifungo vya mikono ya blauzi mpaka dada yake akamwambia, "Kwani unafungua redio? Polepole." Wakaondoka pamoja. Pazia lilitikisika, lakini hakuna aliyesikia neno mtaani siku ile.

Dukani, msichana aliinuka haraka kwenye kiti alipowaona, akakipangusa kwa kiganja. Chapchap akamrudisha kwa kumgusa bega. Yeye akaenda upande wa pili wa meza, kwenye benchi la wateja, ambako hajawahi kukaa.

"Nichapie barua ya kuacha kazi," alisema. "Nitakutajia."

Mwenye duka akatazama chini. Msichana akaweka mikono kwenye kibodi, amekaza shingo kwa woga. Chapchap akataja neno moja, akasubiri. Akataja lingine, akasubiri, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Msichana alipokosea, hakumsemesha, alinyamaza tu mpaka alipojiona mwenyewe na kusahihisha. Barua ilikuwa fupi, lakini ilichukua muda mrefu kuliko mikataba mitatu ya zamani.

Ilipotoka kwenye mashine, ikawekwa mbele yake pamoja na kalamu. Kalamu ikamponyoka. Akaiokota kwa vidole vya mbele, ikamponyoka tena, ikaviringika hadi chini ya benchi, na safari hii hakuinama.

"Una wino wa dole gumba?" Fundi aliuliza.

Msichana akafungua droo. Kilikuwa kikopo kile kile ambacho Chapchap alikuwa akiwafungulia wazee wasiojua kusoma, wanaokuja kuweka alama kwenye hati. Fundi akaushika mkono wa dada yake, akalichovya dole gumba, akalipeleka kwenye karatasi.

"Usikandamize," Chapchap alimwelekeza taratibu. "Lizungushe tu, kutoka pembeni. Ukikandamiza linachafuka."

Akalizungusha. Alama ikatoka safi. Mteja aliyekuwa amesimama mlangoni akaingia na karatasi yake, akamuulizia Chapchap, na Chapchap, kitambaa cha kufutia wino kikiwa bado mikononi mwa mdogo wake, akamwelekeza kwa kidevu upande wa msichana.

"Mwenyewe yule pale," alisema. "Mpe nafasi kidogo, anaanza."