Inchi Saba za Mlango

Kwanza ulisikika mkwaruzo, kama kabati zito linaloburutwa juu ya saruji. Ulidumu muda wa kuhesabu hadi tatu, ukanyamaza. Fundi wa magauni aliweka kalamu chini, akachukua utepe wake, akaenda kupima mlango wa duka. Asubuhi ulikuwa na upana wa inchi ishirini. Sasa ulikuwa kumi na saba.

“Tatu kamili,” alisema, akarudi kwenye cherehani.

Ndizo inchi alizokuwa ametoka kuzifuta kitabuni. Kiuno cha bibi harusi kilikuwa arobaini na tatu. Mama yake alitaka iandikwe arobaini, kwa kuwa harusi ilikuwa bado wiki sita na binti angekuwa amepungua. Dukani hapo kulikuwa na kanuni moja: aliyeleta kitambaa ndiye anayetaja inchi. Kitambaa kililetwa na mama. Akina mama wengi walikuwa wameleta vitambaa kwa mtindo huo, na kila inchi iliyofutwa kitabuni ilitoka mlangoni. Ulipojengwa, mlango ulikuwa na inchi thelathini na sita.

Seremala aliitwa kupunguza ubao wa mlango. Ilikuwa mara yake ya tisa. “Mkiendelea hivi,” alisema, “nitakuja kuwafungia ufito.”

Bibi harusi alikuwa mwalimu wa hesabu, mnene, mwenye sauti ya kusikika madarasa matatu. Alipoambiwa imeandikwa arobaini, alicheka.

“Mama, namba haibembelezwi.”

“Watu wana macho, mwanangu, na macho hayana pazia.”

“Basi wayafumbe. Mimi nimekuja kushonewa gauni, sikuja kuungama.”

Wiki nne baadaye walirudi kulijaribu. Waliingia kwa ubavu, mama akitangulia. Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikasimama. Fundi alivuta, mama alivuta, binti akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Zipu ilikaa palepale. Binti akalivua, akavaa nguo zake, akatoka nje kupunga hewa.

“Punguza nne nyingine,” mama alimwambia fundi. “Akisikia limekuwa dogo zaidi, atafunga mdomo asile.”

“Nikipunguza nne, wewe hutoki humu.”

“Andika.”

Fundi akaandika thelathini na sita. Ukuta ukasogea. Mama alijaribu kutoka uso mbele, kisha ubavu, kisha kinyumenyume. Mwili wake ulikuwa uleule aliomrithisha binti yake. Alirudi akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaomba maji ya kunywa.

“Nikirudisha arobaini na tatu, mlango unarudi,” fundi alisema. “Ni kufuta tu, Mama.”

“Lete hicho kitabu.”

Akakipokea, akakiweka mapajani, akakifunika kwa mikono miwili.

Basi mama akakaa. Godoro lilipitishwa mlangoni likiwa limekunjwa. Chai na chakula vilipita dirishani, katikati ya nondo. Fundi, aliyekuwa mwembamba kama uzi wake mwenyewe, aliihamishia cherehani barazani ili kumwachia mama nafasi. Majirani walikuja dirishani kumjulia hali na kumuuliza kama kadi za mwaliko zimetosha. Mama alipanga viti vya wageni kutoka humo. Wateja walipokuja kupimwa, aliwashauri wapunguze mbili au tatu, naye mwenyewe akawaandikia. Mlango ukafika inchi nane.

Juma la harusi, binti alichukua gauni na mabaki ya kitambaa kwa fundi, akaketi mezani jikoni kwake, akafumua mishono ya ubavuni kwa wembe. Akakata vipande viwili virefu, akapeleka kila kitu barazani kwa fundi.

“Nani kaleta kitambaa?” fundi aliuliza.

“Mimi.”

“Inchi ngapi?”

“Arobaini na tatu.”

Fundi akashona. Hakuwa na pa kuandika. Zipu ilipanda hadi juu bila kusukumwa, na ukuta haukusogea popote, kwa sababu kitabu kilikuwa ndani na bado kilisema thelathini na sita.

Jioni ya mkesha wa harusi binti alikwenda dirishani.

“Umepungua?” mama aliuliza.

“Sijapungua.”

“Nakusumbua kwa kuwa nakupenda.”

“Najua. Futa hiyo namba, Mama. Futa utoke, kesho ukae na mimi mbele.”

Mama alifungua kitabu, akaupata ukurasa, akautazama kwa muda. Kalamu alikuwa nayo. Kisha akakifunga.

“Bado kuna usiku mmoja,” alisema. “Mtu anaweza kupungua kwa usiku mmoja.”

Binti aliingiza mkono katikati ya nondo, akamwekea mama yake vizuri mtandio uliokuwa unateleza begani.

“Kesho msafara utapita njia hii,” alisema. “Nitawaambia wasimamishe gari. Nitashuka, nisimame hapahapa, unitazame nilivyo mpaka utosheke. Nakuahidi, Mama.”